Kichujio cha Shemeji

Jumatatu, 6 Mei
Redio niliyoiunda kwa mikono yangu imewaka. Inasikia kila kitu, kwa mpigo. Mhubiri, mtangazaji wa mpira na mluzi usio na mwenyewe, wote wanagombania spika moja. Mke wangu kauliza kama nimeleta soko nyumbani.

Kinachokosekana ni kichujio cha fuwele. Kikopo cha bati, kidogo kuliko kiberiti. Ndani yake mna vipande vya jiwe angavu vinavyopitisha sauti moja na kuzifungia nyingine nje. Vichujio vipya havipatikani. Vya zamani vimo ndani ya redio za upepo, zile za kuitana kwa mbali, zilizokufa, na Shemeji, kaka wa mke wangu, anayo moja stoo. Shemeji huyohuyo anayetamba kwamba redio yake nyingine inanasa watu wa ng'ambo. Kumwomba? Bora nife.

Jumatano, 8 Mei
Shemeji kaja kunyolewa kwenye kibanda changu. Wembe ukiwa shingoni, nikamweleza kwamba redio kuukuu hutoa maji makali yanayokula sakafu. Nikajitolea kwenda kuitupa. Akasema nichukue. Ujanja wangu wakati mwingine unanitisha.

Alhamisi, 9 Mei
Kichujio kiling'ang'ania. Nikaongeza moto kwenye chuma cha kulehemu. Kikatoka, pamoja na sehemu ya kitambaa cha meza na ngozi ya kidole gumba. Nikakifunga kwenye redio yangu. Kimya kabisa. Si mhubiri, si mluzi. Mke wangu kaisifu redio kwa mara ya kwanza.

Jumamosi, 11 Mei
Mguu mmoja wa kichujio ulikuwa mahali pa mwingine. Nimerekebisha, nikazungusha kitufe polepole. Kelele zikaondoka kama watu wanaotoka chumbani mmojammoja. Akabaki mtu mmoja. Mwanamume, lugha siijui. Alikohoa. Kiti chake kililia alipoegemea. Nilikisikia kiti! Jiwe dogo kuliko ukucha lilikuwa limenichagulia mtu mmoja katika dunia nzima.

Mke wangu alikuja na mwiko mkononi.

“Yuko wapi huyu?” aliuliza kwa sauti ya chini.

Sikujua. Akakaa karibu yangu. Tulisikia harufu ya chakula kikiungua, hakuna aliyeinuka.

Jumapili, 12 Mei
Mke wangu kamwita kaka yake bila kuniuliza. Shemeji alisikiliza amefumba macho, kisha akanionyesha mikono yake. Inatetemeka.

“Kichujio hicho kilinishinda kukitoa,” alisema. “Nilikuwa nangoja uje uniombe, shemeji.”

Nikamuuliza, basi mbona alikubali ile habari ya sakafu.

“Ulikuwa na wembe shingoni mwangu. Ningebisha vipi?”

Tuliendelea kusikiliza, watatu, mpaka yule mtu akafifia. Nilitaka kumshukuru Shemeji. Nikaishia kumuuliza kama atakunywa chai.

Jumatatu, 13 Mei
Nimetafakari sana. Kuomba kungekuwa rahisi, na kidole changu kingekuwa kizima. Hilo nimelielewa.

Shemeji anasema vichujio viwili vikifuatana, sauti hutoka safi ajabu. Ofisi ya teksi mkabala na kibanda changu ina redio ya upepo, na bado inafanya kazi. Msimamizi wao anakuja kunyolewa kesho. Upara umeshamwanza utosini.

Nitamwambia ni mawimbi ya redio.