Kapasita Zilizoachishwa Kazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, ambaye leo ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wao na wasaidizi wa makaimu. Mkunga mkuu wa wodi hii. Kina mama mliokaa vitandani kwa kukosa viti. Na ninyi watoto njiti, ambao kwa umri wenu itifaki imewasamehe kutosimama: nawasalimu! (Makofi ya makaimu. Mtoto analia.)

Nimesimama kando ya mashine hii, iliyofunikwa kwa kitambaa kizito chekundu, kutangaza kwamba enzi ya mkunga kugusa paji la uso la mtoto na kukisia imefika ukingoni. Kwa mujibu wa mchakato shirikishi wa upembuzi yakinifu, mashine itahisi joto la mtoto, chipu yake italigeuza kuwa namba, na mtoto akipoa, kengele italia. Ndiyo maana themometa ya wodi ninayo mfukoni tangu juzi, naiandalia kustaafu kwa heshima. (Mkunga: "Mkuu, naiomba basi. Wa kitanda cha dirishani namwona amepoa.") Maswali mwishoni, mama.

Ndugu wananchi, kazi hii haikuwa lelemama. Mhandisi wetu, ambaye ni shemeji yangu lakini alipatikana kwa ushindani mkali baina yake na yeye mwenyewe, aliniletea mchoro wa saketi. Wakubwa wengine husaini bila kusoma. Mimi niliusoma! (Kaimu: "Msomi huyo!") Nikaona chipu katikati, nyaya zinaingia na kutoka, inachapa kazi. Kisha nikatupa jicho pembeni mwa karatasi. Nikaona nini? Kapasita kumi zimejipanga foleni, kila moja imeshika waya wa umeme huku na waya wa ardhi kule, hazipokei joto, hazitoi namba, zimekaa tu. Nikasema, hawa ni watumishi hewa! (Vicheko.)

Shemeji akanisihi: "Shemeji, hizo zimechorwa pembeni ili karatasi isijae. Kwenye mashine zinakaa ubavuni mwa chipu. Umeme ukiyumba, zinautuliza. Bila hizo itasema mtoto ana homa kumbe anaganda." Nikamuuliza, tangu lini mchapakazi akahitaji kumi wa kumbembeleza? Na hicho kiherehere cha kutaka kukaa karibu na mkubwa ni cha nini? Nikazikata zote kwa kalamu nyekundu. Nikanogewa! Nikakata swichi, kwa kuwa huduma zetu hazizimwi. Nikakata kengele, kwa kuwa inaamsha wagonjwa. Mwishowe nikakata chipu yenyewe, maana ilibaki peke yake, na sisi tunaamini katika timu. Tija ikapanda kwa asilimia mia na nne, matumizi ya umeme yakashuka hadi sifuri, na shemeji akarudi kwao bila kuaga.

(Mkunga anawapita makaimu kwa kiwiko hadi kitanda cha dirishani. "Mwanangu, mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Haraka." Anavuta kitambaa chekundu, anawafunika mama na mtoto. Pale kilipokuwa kuna boksi la glavu, tupu.)

Sawa. Ratiba imeruka kidogo. Mashine oyee! (Makaimu wanachungulia boksi.) Joto kwa kila mtoto! (Mtoto wa dirishani anaanza kunyonya.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru shemeji kwa mchoro, ambao ndio mradi wote. Naishukuru wodi kwa boksi. Na wewe mkunga, uliyezindua kwa niaba yangu. Chukua themometa yako, usinikazie macho. Inasema mtoto anapata joto? Basi, waheshimiwa, mradi umetimiza lengo bila hata kusumbuka kuwepo! (Makofi ya kaimu mmoja.)

Ila kitambaa, mama mzazi, tutakihitaji saa kumi. Tunakwenda kuzindua daraja.