Karafuu kwa Bi Kimya

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi! Tangi la samaki la mama mkwe liko sebuleni kwangu, juu ya kabati la vyombo. Pampu ya hewa inakoroma. Mwenyewe kaenda kulazwa hospitali, atolewe mtoto wa jicho.

Wiki nzima ilikuwa imeshapangwa tangi liende kwa mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Mfamasia. Tunamwita Dozi. Mama mkwe humwita "mwanangu". Mimi huniita "mkwe", kama anasoma cheo mlangoni. Basi jana nikamnong'oneza mama kwamba kwa Dozi kuna paka. Paka ni wa jirani, lakini hupita.

Wakati wa kuondoka alinionyesha samaki mmoja wa rangi ya udongo, Bi Kimya. Akasema huyu amebeba, nisimsumbue, na asipokula nimwache. Nikamjibu kuwa kwangu samaki wake ni kama mtoto wa kumzaa. Mke wangu akaangalia dari.

Jumanne, 4 Juni

Nimemchunguza Bi Kimya asubuhi na jioni. Amebeba wapi? Tumbo halipo kabisa! Ila taya la chini limefura. Chakula kinaelea mbele ya pua yake, hagusi. Mdomo kaufunga.

Masikini mama mkwe. Jicho bovu limemdanganya, kachanganya shavu na tumbo. Bahati yake kanipata mimi. Nimekaa mapokezi kwa daktari wa meno miaka mingi. Nawajua wanaoingia na taya la namna hiyo: hawali, hawasemi, macho yamewatoka. Hilo ni jipu la jino.

Mke wangu akauliza kama samaki ana meno. Nikamwambia swali hilo ni la mtu asiye wa fani. Akauliza kama daktari amewahi kunipa nishike hata koleo. Nikatoka nje kupunga upepo.

Mpango: nimtibu kimya kimya, mama akirudi amkute mzima, anakula. Ataniita nini basi, kama si mwanangu?

Jumatano, 5 Juni

Niandike tu.

Dawa ya jino inajulikana hata na mtoto mchanga: karafuu. Nilichemsha nusu pakiti, nikapoza, nikachuja, nikamimina tangini. Nyumba nzima ikanukia pilau. Nikavuta kiti nikakaa kumtazama mgonjwa wangu anavyopata nafuu.

Akayumba. Akalala ubavu. Mdomo ukafunguka wenyewe, na humo vikaanza kutoka vidudu vyembamba, vinapepesuka. Minyoo! Nikashangilia peke yangu. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la familia: ugonjwa umetoka, asanteni kwa dua zenu. Kisha nikachukua chujio la chai, nikaanza kuvichota na kuvimwaga kwenye sinki, bomba likiwa wazi.

Dozi akapiga simu hapo hapo. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alisema hao ni watoto, samaki huyo hulea watoto wake mdomoni, niache mara moja! Nikatazama chujio. Vilikuwa na macho. Kila kimoja macho mawili, meusi, vikinitazama.

Waliobaki kwenye chujio niliwarudisha. Watatu walishakwenda na maji.

Dozi alifika na ndoo za maji aliyoyalaza tangu wiki ile alipolisubiri tangi, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala. Tulibadili maji. Alisema karafuu huwalevya samaki, ingezidi kidogo tu Bi Kimya asingeamka. Aliuinamia ule mwili hadi mashavu ya kupumulia yakaanza kupanda na kushuka. Nami nilisimama nyuma yake na chujio mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni sakafu ya saruji.

Alhamisi, 6 Juni

Picha nimeifuta kwenye grupu. Mama mkwe bado kafungwa bendeji, hakuiona. Dozi akasema hatamwambia, aibu ya nyumba hufichwa na nyumba. Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Kisha akauliza, kwa upole, kwa nini mama alidhani yeye ana paka. Nikakohoa mpaka akaniletea maji.

Mchana niliruka kitini. Bi Kimya anawameza! Watoto walikuwa wakielea karibu yake, akafungua mdomo, wakaingia wote kwa mpigo. Niligonga kioo, nikapiga kelele: muuaji! Mke wangu akanivuta kwa kola. Akasema hawaliwi, wanarudi nyumbani, wameona kivuli changu.

Nimeketi mbali na tangi tangu hapo. Nikisogea, mdomo unafungwa. Mke wangu akipita na ufagio, mdomo unafunguliwa na watoto wanatoka kucheza. Samaki kanijua. Sikujua kama mtu anaweza kumwonea haya samaki. Kumbe anaweza, na sana.

Jumamosi, 8 Juni

Usingizi sipati, kwa ajili ya wale watatu. Kila nikifungua bomba nawakumbuka. Nimeacha kunawia jikoni.

Lakini akili haiachi kufanya kazi. Nimekwenda duka la samaki wa mapambo, nikaomba watatu wadogo kabisa. Muuzaji akanionya kwamba hao si jamii ya samaki wangu, wana mkia mwekundu. Nikamwambia mwenye tangi ni mama mtu mzima, macho yake hayaoni vizuri, kwake mkia ni mkia. Nimewatia tangini. Idadi imetimia. Roho imetulia kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe kaja. Familia nzima sebuleni. Akavua miwani myeusi, akatazama huku na huku, akacheka kama msichana. Akasema hakujua mapazia yangu yana maua. Akasema shati langu lina doa la chai. Akasoma maandishi madogo ya kopo la chakula cha samaki, kutoka mlangoni!

Hapo ndipo nilipokumbuka alikwenda hospitali kufanya nini.

Alisogea tangini. Bi Kimya akafungua mdomo, watoto wakamwagika nje, mama akapiga makofi. Kisha akasogeza uso hadi kwenye kioo. Akauliza hawa watatu wenye mkia mwekundu ni wa nani. Dozi akatazama viatu vyake. Mimi nikasema labda wamechukua upande wa baba.

Hakuna aliyecheka. Hata pampu niliisikia imepunguza sauti.

Mama mkwe alivuta kiti, akakaa karibu nami. Akasema taratibu: mkwe, mwenzio ana watoto mdomoni na ameweza kuufunga, wewe huna kitu, umeshindwa kwa nini?

Nikasema yote. Karafuu, chujio, sinki. Nikasema na paka. Akajibu la paka alilijua tangu siku ile, kwa Dozi ameshakwenda si mara moja wala mbili. Tangi alinipa kwa kuwa aliona jinsi ninavyolitaka neno zuri kutoka kwake, akadhani nikiaminiwa nitatulia. Alisema hivyo bila hasira. Bora angenichapa kwa ndala. Nilijifanya nimeingiwa na kitu jichoni, mbele ya mtu aliyetoka hospitali ya macho.

Tangi nimelibeba mwenyewe hadi kwa Dozi. Lilikuwa zito, nayo maji yalinimwagikia njia nzima, nikaona ni haki yangu. Nikaapa moyoni: kuanzia leo nafunga mdomo. Sitaki sifa, sitaki mashindano. Dozi ni ndugu, kaniokoa, kanifichia. Sitamtendea tena ila wema.

Na nimeanza vizuri! Tulipoketi kunywa chai kwake niliona shavu lake la kushoto limevimba. Hakugusa mkate. Mama mkwe hakuona, alikuwa na samaki wake. Dozi mwenyewe hakusema lolote, wanaume wa namna hiyo huficha maumivu. Nami sikusema neno, nilifunga mdomo kama nilivyoapa.

Ile nusu pakiti iliyobaki nilikuwa nayo mfukoni. Nimeitia yote kwenye birika lake.