Naomba Serikali Iwe Mkwe Wangu

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za baridi kutoka Chala, wilaya ya Nkasi, ambako nakuandikia nikiwa na koti mwilini. Mimi ni Basil, mwenye mnara mdogo wa intaneti. Nawauzia watu wa hapa waifai kwa siku na kwa wiki. Sasa betri za mnara zimechoka, na mvua zikianza, jua la kuchajia likawa la kubahatisha, mnara utazima. Wakulima wa ulezi wanaoangalia bei ya mjini kwenye simu watarudi kuamini mdomo wa dalali, nami nitarudi kuwa mtu asiye na kazi.

Nahitaji mtaji, na mtaji unatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Mtu binafsi ninaye tayari. Ni Mama Marsiana, mama mzazi wa mke wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama mkwe aliuza maksai wawili wa kulimia, mimi nikanunua mnara. Hakutaka riba, hakutaka hisa, hakutaka kuandikishana. Nikashangilia kama mjinga. Benki ukiikwepa unapita njia ya nyuma; mama mkwe utamkwepa kwa njia ipi, na mnara uko nyuma ya ghala lake, na swichi iko ndani kwake?

2. Neno la siri la waifai anapanga yeye, na ni jina la mtakatifu wa siku. Wateja wanafungua kalenda ya parokia kabla ya kufungua simu. Mchuuzi mmoja wa samaki wa migebuka kutoka Wampembe, Mwislamu safi, sasa anawajua watakatifu kuliko katekista wetu. Juzi alimsahihisha mbele za watu.

3. Saa ya rozari anazima. Msimu wa kulima anazima mpaka jua lipande, eti vijana washike jembe. Mimi mwenye kampuni nazimiwa pamoja nao. Kumpinga siwezi, kumwomba kitu ndiyo kabisa, maana nilivyolelewa mimi, mkwe hakaziwi hata macho. Namwamkia shikamoo huku nikitazama ndala zangu.

4. Nisionekane nina upendeleo, nilikwenda pia serikalini. Sumbawanga mjini kuna ofisi inayowasaidia watoa intaneti wadogo kwa fedha. Walinipokea vizuri, tena kwa chai. Wakanieleza kwamba maombi yote hutumwa kwa mtandao, ila wao wenyewe mtandao wao umekata, na wakauliza kama naweza kuwaunganishia wa kwangu kwa mkopo.

5. Mwenzangu Shija wa Mtowisa alizipata fedha hizo. Mnara wake ulikamilika, ukafunikwa kitambaa, ukakatazwa kuwashwa mpaka mgeni rasmi aje kuuzindua. Mgeni rasmi hajapata nafasi, na barabara ya kule unaijua. Jua limekila kitambaa, Shija amenunua kingine kwa fedha za mkewe. Ukitazama vizuri, huo nao ni mtaji binafsi.

6. Kwa hiyo nimepima pande zote, na ombi langu ni dogo. Serikali imrudishie mama mkwe maksai wake, ichukue nafasi yake, iwe mkwe wangu. Serikali haiamki alfajiri. Haijui rozari ni saa ngapi. Haiingii jikoni kuuliza kwa nini mjukuu wake Faith amekonda. Mimi nitaiamkia shikamoo kila nikipita penye bendera. Na kama sheria hairuhusu, basi Mama Marsiana ateuliwe kuongoza ile ofisi ya mjini. Maombi yatajibiwa kabla ya misa ya kwanza, na minara itazinduliwa na yeyote aliyevaa viatu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule anayepunguza barua za wasomaji. Hii asiiguse. Mke wangu Fortunata anakusalimu, ila hajui nimeandika nini.

Ni mimi, mtiifu kwa taifa na kwa wakwe,

Basil, Chala.

Nyongeza: Kabla sijaituma, Fortunata aliikuta barua hii mezani, akamsomea mama yake yote kwa sauti, mpaka salamu. Kesho yake mama mkwe aliwapeleka mnadani maksai wawili aliobaki nao, na leo lori limeshusha betri mpya mlangoni kwangu. Nilipokwenda kumwamkia aliniambia hivi tu: "Baba Faith, ungesema tu kwamba betri zimekufa." Nikatazama ndala. Nimeona aibu, Ndugu Mhariri, sitakuficha.

Malalamiko yote ya hapo juu nayafuta. Mvua inakaribia, shamba la mama mkwe lipo palepale, na cha kulimia hana, kwa hiyo jembe nimelishika mimi, na mikono imeanza kuota malengelenge. Naituma barua hivyohivyo kwa ajili ya jambo moja. Kama serikali bado ina fedha za intaneti vijijini, betri hatuhitaji tena. Ituletee maksai wawili.