Nyuzi za Mwanga kwa Jiko la Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Juni 1993
Mama mkwe, Anatolia, amejikata kidole tena akimenya ndizi. Jiko lake halina dirisha na macho yake yamechoka. Renatha, mke wangu, anasema tutoboe ukuta. Mimi mwalimu wa sayansi, Bugene nzima inanijua, nikatoboe ukuta? Nimesoma gazetini kwamba uzi wa plastiki safi hupitisha mwanga toka ncha hadi ncha, tena kwa bei nafuu kuliko wa kioo. Nitamvutia jua mpaka kwenye mafiga.

Jumanne, 8 Juni
Nimekusanya kalamu zilizokwisha wino, zile zinazoonyesha ndani. Arobaini na mbili. Nimeziyeyusha zote pamoja katika sufuria ya Renatha. Uji mweusi. Sufuria imekufa. Chakula cha jioni: ndizi za kuchoma, nimezichoma mwenyewe.

Jumatano, 9 Juni
Kalamu nyingine, leo moja moja. Nalainisha juu ya makaa, nashika kwa koleo, navuta taratibu. Uzi mrefu kama mkono! Nimemulika tochi ncha moja, ya pili ikawaka kama kimulimuli. Nimecheza peke yangu. Polikarpi, fundi redio, alichungulia uani akauliza kwa nini nisitoboe tu dirisha. Wivu.

Ijumaa, 11 Juni
Nyuzi thelathini, fungu moja. Majirani wamejaa kwa mama mkwe. Nimetoboa tundu la ngumi ukutani, nikapitisha fungu. Gizani kikatokea kidoa cha mwanga, saizi ya punje ya harage. Mama mkwe alikitazama kwa heshima.
"Asante, mwanangu. Nitakuwa naisogeza ndizi hapo kidogo kidogo."
Polikarpi akachomoa fungu alikague. Jua likamwagika ndani kupitia tundu. Mama mkwe akapiga vigelegele, akaomba liongezwe. Tumelipanua mpaka likawa dirisha. Tumekula humo humo, kila mtu akimwona mwenzake anavyocheka. Hata mimi nimecheka.

Jumapili, 13 Juni
Baada ya ibada wanawake watatu wameniomba niwatobolee majiko. Nimekataa kwa upole: mimi ni mtu wa nyuzi. Polikarpi amewakubalia wote. Maskini, sayansi inampita. Mimi nilikuwa naitazama pikipiki ya katekista. Taa yake ya nyuma ni plastiki nene, safi kabisa. Nyekundu, lakini mwanga ni mwanga.