Wapangaji Wangu Wanapumua Kupita Kiasi

Shimba Luhaga,
Mkuyuni, Mwanza.

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa.

YAH: WAPANGAJI KUHARIBU UKUTA KWA PUMZI

Ndugu Mwenyekiti,

Pole na kazi ya kutuongoza. Mimi ni karani mstaafu wa kiwanda cha pamba, na nyumba ninayoizungumzia ni ile ya mawe iliyoegemea jabali, aliyoijenga marehemu baba yangu mwaka 1958. Mimi naishi nyumba ya uani. Ya mbele nilimpangisha Mwalimu Justa, mumewe Ogweno ambaye ni fundi wa injini za boti, na binti yao Agutu wa miaka sita. Mwezi wa pili akaongezeka mama mkwe wa Mwalimu, Bibi Rozina, kutoka Shirati, bila mimi kuarifiwa kwamba naye anapumua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvua zilipoanza, Mwalimu Justa aliniita, akaniamkia kwa heshima zote, kisha akanionyesha ukuta wa chumba cha mtoto. Ulikuwa unatoka jasho. Nyuma ya kabati kulikuwa na madoa meusi kama masizi, na begi la shule la mtoto lilikuwa limeota manyoya ya kijani. Akasema mtoto anakohoa wiki ya tatu sasa. Nilimsikitikia, nikamweleza kwamba baba alipoishi humo ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa siku hakufungua mdomo zaidi ya mara nne, mbili kati ya hizo zikiwa za chakula.

2. Sikukaa bure. Nilinunua rangi nyeupe nikaupaka ukuta ule mara mbili. Siku ya tisa madoa yalirudi, tena yamejipanga vizuri kuliko mwanzo. Sasa, Ndugu Mwenyekiti, rangi hiyohiyo niliipaka kwenye fremu zangu za maduka, na hazijaota kitu. Fremu hazilali watu. Hapo ndipo nilipopata ushahidi.

3. Ogweno, ambaye injini za boti zimemfanya ajione mhandisi wa majengo, alidai kwamba tatizo ni hewa kutopita. Ni kweli mwaka juzi nilijenga fremu tatu upande wa ziwani, na ni kweli ukuta wake umepita mbele ya madirisha mawili ya nyumba. Lakini madirisha sikuyaondoa. Yapo, na mapazia yake yapo. Mtu akifungua anakutana na tofali, na tofali halijawahi kumkataza mtu kufungua dirisha.

4. Kwa nia njema nilibandika masharti mlangoni: chai ichemshiwe nje, nguo zisianikwe ndani hata mvua ikinyesha, maji ya kuoga yawe ya baridi, na Bibi Rozina, anayesali kwa sauti kila asubuhi, asali kimoyomoyo. Mwalimu alihamishia jiko kibarazani akawa anapika huku ameshika mwavuli. Bibi alijitahidi siku mbili. Siku ya tatu nililisikia jina langu kwenye maombi, na halikuwa kwenye sehemu ya shukrani.

5. Mtoto alilazwa siku mbili. Wakarudi na karatasi ya daktari inayosema asilale kwenye unyevu na apate hewa safi. Niliisoma yote. Hakuna mahali palipoandikwa fremu. Hata hivyo nikatoa pendekezo ambalo mtu yeyote wa haki angelikubali: wakae kwa zamu, wawili ndani wakipumua, wawili kibarazani. Mwalimu alinitazama, chupa ya dawa mkononi, akasema taratibu:

"Baba, mimi siwezi kumwambia mwanangu kwamba sasa hivi siyo zamu yake."

Hakupandisha sauti. Ndiyo maana nikajua ni dharau.

6. Jumamosi wamehamia Kiseke. Kabla ya kuondoka walisugua ukuta kwa sabuni, wakafagia, na ufunguo wakauacha juu ya meza, jambo linaloonyesha wazi kwamba walijua wana makosa.

Naomba ofisi yako iwaite waje wakiri mbele ya wajumbe. Pili, mpangaji yeyote wa mtaa huu apimwe mapafu kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Wenye mapafu makubwa, yaani wanakwaya, wacheza mpira na walimu, wapangiwe nje, kwenye mahema, hadi hapo wataalamu watakapoeleza namna ya kuyapunguza.

Nisalimie mama na watoto, mabalozi wote wa nyumba kumi, na vijana wa bodaboda wanaokaa mbele ya ofisi yako, ambao kwa kupumulia nje wanatupa mfano mzuri.

Ni mimi mwenye ukuta,
Shimba Luhaga

N.B. Barua hii imechelewa kukufikia kwa sababu nimekuwa naumwa. Jumapili mimi mwenyewe nilihamia chumba kile cha mtoto, ili mtaa uone jinsi mtu mstaarabu anavyokaa kwenye nyumba. Sikupika, sikuanika, sikuongea na mtu. Alhamisi shati langu la kanisani lilikuwa limeota manyoya, na kifua changu kinapiga mluzi. Nikaangukia kwa daktari yuleyule. Aliniuliza kama chumba kina dirisha, nikamjibu kwamba lipo. Akauliza linatazama wapi. Nikaomba maji ya kunywa.

Jana nilimpigia simu Mwalimu Justa. Aliniamkia kama kawaida, akasema Agutu amepona na anashinda akiruka kamba, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwomba aniulizie chumba huko Kiseke. Amesema kipo kimoja, kina madirisha mawili na upepo wa ziwa unapita. Shida ni mwenye nyumba wake: hataki mpangaji anayekohoa, eti atamharibia ukuta. Kuna watu wakorofi, Ndugu Mwenyekiti. Kwa hiyo haya yote ya hapo juu yaweke kando, uniandikie barua ya utambulisho, na habari za kifua usizitaje.