Benchi la Mama Mkwe

Jumatano, 4 Machi

Mama mkwe anakuja Jumapili. Mwaka jana nilimkalisha kwenye kiti nilichokiunda mwenyewe kwa kreti za soda. Miguu ikaachana, mama wa watu chini, puu! Hajakanyaga hapa tena. Mke wangu amenionya kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo ninayoiogopa: mama akianguka tena, wataondoka wote wawili. Eti nimwombe kaka yake, seremala, atuazime viti. Yule anayegonga kazi zangu kwa kidole na kusema "mh"? Thubutu! Nitaunda benchi la bustani. Imara. Kwa vitu vya humu humu ndani.

Ijumaa, 6 Machi

Jana nilichomoa chaga nne za kitanda chetu. Zilikuwa kumi na moja, zote za nini? Miguu nimeitoa kwenye kabati la vyombo, ambalo sasa limesimama juu ya matofali. Nimelikalia benchi mara thelathini na mbili, ndoo ya maji mapajani. Halikulia. Mke wangu ameamka amezama katikati ya kitanda, mimi juu yake. Nikamwambia godoro limezeeka.

Shemeji kapita. Kagonga. "Mh." Akauliza meza iko wapi, au mama atashika chai mkononi mpaka ipoe.

Jumamosi, 7 Machi

Meza! Mke wangu alipokwenda sokoni, nikafungua bawaba za mlango wa choo. Mpana, umenyooka. Nimeulaza juu ya mapipa mawili, tundu la kitasa nimeliziba kwa sahani, kitambaa juu. Aliporudi nikamwambia mlango umevimba kwa unyevu, nimeuanika mahali, utarudi kesho. Kwa sasa aliye ndani akohoe. Najua njia ya mwongo ni fupi, lakini kesho nako si mbali.

Jumapili, 8 Machi

Kafika. Akalizunguka benchi. Akamtanguliza mwanawe seremala alikalie kwanza. Benchi kimya! Akakaa yeye, nusu, kisha mzima mzima. Kimya! Akanywa vikombe viwili vya chai. Mke wangu akanishika mkono, nikakaribia kulia. Kikombe cha tatu. Kisha mama akauliza choo kiko upande gani.

Shemeji akainua kitambaa. Akagonga. "Mh."

Vyombo vyote vikatolewa. Niliubeba mlango mwenyewe, nikausimamisha, nikaushikilia kwa mikono miwili, macho nimefumba, nikiimba kwa nguvu zote nisisikie lolote. Mama mkwe ndani, mkwe nje! Alipomaliza aligonga kwa adabu nimfungulie. Akasema benchi ni zuri, na kwamba atarudi mwisho wa mwezi, nyumba ikishapata milango.

Jumatatu, 9 Machi

Mke wangu haongei nami, lakini yupo. Mama hakuanguka, ahadi ni ahadi. Amenionyesha mlango kwa kidole, nimeurudisha.

Kosa langu nimeliona, na kukiri kosa ni uungwana. Mlango wa choo haufai kuwa meza. Watu wanauhitaji. Nimeupima wa mbele: ni mpana zaidi, na mgeni akishaingia, hauna kazi tena.