Mkono wa Gramafoni ya Mzee Zenon

Jumatatu, 6 Juni 1983
Habari mbaya. Karani mmoja wa masjala yetu hapa Sumbawanga atahamishiwa Wampembe. Ama mimi, ama Polikarp. Wampembe! Chini kabisa ya mteremko, ziwani, joto na mbu. Karani aliyepelekwa mwaka juzi hajaonekana tena, ingawa wanasema ameoa.

Mwenye kuamua ni mkuu wetu wa ofisi, Mzee Zenon. Jumamosi anafanya jubilei ya ndoa yake. Gramafoni yake ya umeme, aliyoachiwa na mapadre, imekwama mkono, ule unaobeba sindano juu ya santuri. Anataka kucheza na mkewe, Mama Kristiana, kwa santuri ileile waliyoichezea siku ya arusi. Kabla sijafikiri nimeshasimama, nimeshasema kazi hiyo aniachie mimi. Polikarp akauliza kwa sauti tangu lini gramafoni zinaota migombani kwetu Tukuyu. Masjala nzima ikacheka. Mzee hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama daraja bovu, kisha akanikabidhi, na santuri juu.

Sijawahi kufungua hata redio.

Jumanne, 7 Juni
Nimeuchunguza mkono. Ni bomba jembamba la chuma. Mbele kuna kichwa chenye sindano, nyuma kuna kipande kizito cha kuweka mizani, ili sindano iguse santuri kwa wepesi. Katikati kuna ekseli ndogo. Hapo ndipo pameshika kutu. Nimetia mafuta ya taa. Ukalegea! Unageuka kama shingo ya kuku. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini fundi ni yule anayefungua. Kesho nafungua wote.

Jumatano, 8 Juni
Balaa.

Nilikuwa nimetandaza vipande mkekani. Filimbi uani! Mgambo! Msako wa bidhaa zilizofichwa umeingia hadi huku Izia. Juzi jirani katolewa nje na sabuni zake. Nikawaza: kitu cha Ulaya, risiti sina, nani ataamini ni cha Mzee? Gramafoni chini ya kitanda, vipande mfuko wa shati, mbio chooni. Nikainama kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Kitu kikachomoka mfukoni. Dubwi!

Kile kizito. Shimo ni refu, nalijua.

Mgambo walikuwa wanamtafuta mbuzi wao. Mwenye nyumba wangu, Mama Emerensiana, akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, na sikudanganya.

Alhamisi, 9 Juni
Sikwenda kazini. Nimefunga nati ya baiskeli nyuma ya mkono: nyepesi, mkono unaanguka. Nimefunga kufuli: zito, mkono umenyanyuka hewani kama wa mtu anayeapa mahakamani. Nikawa namwona Mzee akilini, akitia sahihi uhamisho wangu.

Ndipo nikaona kimea. Mama Emerensiana anaandaa pombe ya watu. Ulezi umeloweshwa, umeota, uko kwenye kapu ndani, bado mbichi. Punje ndogondogo! Unaongeza kidogo, unapunguza kidogo. Nikaomba kiganja. Akauliza cha nini. Nikasema dawa ya tumbo. Akasema ninyi Wanyakyusa mna matumbo ya ajabu, akanipa.

Nikashona kifuko kwa kitambaa cha leso, nikakitundika nyuma. Nikaongeza, nikapunguza, mpaka mkono ukatulia. Nikaweka santuri ya Mzee. Ikaimba! Wampembe, kwaheri. Msalimie Polikarp.

Ijumaa, 10 Juni
Nimeipeleka. Mzee amefurahi sana. Ameiweka mezani uani, juani, ili kila mgeni apitaye aione. Polikarp alikuja kunusa. Akauliza kama kile kifuko ni hirizi ya kwetu. Nikamwambia ni ufundi wa kisasa. Akasema basi nguo ya kisasa inafanana sana na leso yangu.

Sina amani. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 11 Juni
Sasa najua.

Uani palijaa. Wageni walichuchumaa na kupiga makofi kuwasalimu wazee. Upepo wa kiangazi ulivuma tangu jana bila kupumzika. Nikatupia jicho kifuko. Kimenywea! Kinaning'inia kama soksi tupu. Kimea nilikipima kikiwa kibichi, sasa kimekauka. Nyuma pepesi, kwa hiyo mbele pazito. Nilitaka kupiga kelele, nimechelewa. Mzee alishamshika mkewe mkono. Nikaomba umeme ukatike kama unavyokatika kila siku. Haukukatika.

Sindano ikashuka kama jembe. Krrrrr! Ikalima tuta moja kutoka ukingoni hadi katikati.

Mama Kristiana akaja, akapitisha kidole juu ya santuri. Akaniuliza, taratibu, mwanangu, iko nyingine? Hakuna nyingine.

Polikarp, yule nyoka, akaanza kupiga makofi na kuuimba ule wimbo kwa mdomo. Anaujua wote! Wageni wakaitikia. Wazee wakacheza. Kila Mzee alipozunguka, macho yake yalinipitia. Alizunguka sana.

Jumatatu, 13 Juni
Mzee ameniita. Akasema Andwele, wewe sikuwahi kukufikiria kwa Wampembe, maana mwandiko wako ni mzuri. Nilikuwa nimemfikiria Polikarp. Neno "nilikuwa" alilitamka polepole.

Jumapili, 26 Juni. Namanyere
Tumekwama hapa na lori. Eustaki, dereva, anasema breki zimelegea. Kwa mteremko wa Wampembe hathubutu. Atasubiri fundi kutoka Sumbawanga, huenda wiki mbili. Wiki mbili bila Wampembe! Nilipaswa kunyamaza tu.

Lakini abiria mmoja akasema karani anajua kalamu tu, breki zikimlalamikia atazipaka wino. Watu wakacheka. Nikawaambia wasogee. Nimeshinda mchana kutwa chini ya lori.

Nimerudishia kila kitu, isipokuwa springi moja iliyobaki mkononi. Eustaki akauliza ni ya nini. Nikamwambia kiwandani huwa wanaweka ya ziada. Akaridhika, akaniita fundi, na abiria wote wakaniamkia vizuri.

Kesho asubuhi tunateremka.